ULIMBUKENI WA MALENZI: MTAANI KAMERA MOJA INATOSHA

Kijiwe kilikuwa kimya wiki mbili hizi kwa sababu ya testi, na waliopo chuo wanajua testi za mwisho wa muhula zinavyokaba. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo limenikaa rohoni siku nyingi. Nalisema hivi hivi lilivyo. Atakayenuna anune.

Bumu limeingia juzi. Kila nikipita kwenye vimbweta nawakuta washkaji wanaojiita wapiga picha za mtaani, na kinachojadiliwa ni lenzi. Nani kanunua ya ngapi, nani anaisubiri kutoka Dubai, nani kaambiwa na jamaa wa duka kwamba bila ile nyeupe ndefu wewe si mpiga picha bali ni mtalii. Sasa nauliza swali dogo tu: picha ziko wapi? Mtaa uko wapi? Mwenye begi kubwa kuliko wote pale kimbwetani nikimwomba anioneshe picha kumi za mwezi huu, ananionesha mwenzake kavaa joho, jua likizama ufukweni Coco, na paka wa kantini. Kariakoo hajafika tangu muhula uanze. Eti anaogopa kuibiwa.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Hilo begi ndilo linalomzuia kwenda mtaani. Amenunua vifaa vya kumwezesha kupiga picha za watu barabarani, na vifaa hivyo hivyo ndivyo vimemfungia chumbani.

Tupige hesabu, maana namba hazina ushabiki. Canon 5D Mark IV ikiwa na betri na kadi ina gramu 890. Lenzi ya 24-70 yenye f/2.8 toleo la pili ni gramu 805. Ile nyeupe ndefu ya 70-200 f/2.8 toleo la pili ni gramu 1,490. Jumlisha: kilo 3 na gramu 185, na hapo hujaweka fleshi, betri za akiba, wala begi lenyewe. Sasa panda daladala ya Mwenge kwenda Kariakoo saa moja asubuhi, umesimama kwa mguu mmoja, konda anakwambia "sogea nyuma anko, nyuma kweupe", na begi liko kifuani kama mtoto mchanga. Ukishuka pale umeshachoka kabla hujabonyeza kitu. Na kila kibaka wa Msimbazi ameshakuona toka mbali, maana begi la kamera linajulikana hata na mtoto wa chekechea.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hao wanaowashauri mbebe malenzi matatu, wengi wao huwa hawabebi. Wana gari, wana msaidizi, au wanauza hayo malenzi.

Sasa twende kwenye historia kidogo, maana kuna watu hawasikii mpaka watajiwe majina makubwa. Sawa, tutaje. Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa ambaye kila mtu akitaka kuonekana anajua picha humtaja, alianza kutembea na Leica mwaka 1932. Kamera ndogo ya filamu, na muda mwingi lenzi moja tu ya milimita 50. Sehemu zake zilizong'aa alizifunika kwa gundi ya karatasi nyeusi ili isivute macho ya watu. Mnaelewa lakini? Mtu alikuwa na kamera ya kifahari ya enzi zile, na kazi ya kwanza aliyoifanya ni kuificha ufahari wake. Sisi leo tunavaa mkanda mpana wenye jina la kampuni kwa herufi za manjano, tunawatangazia biashara bure na tunawaita vibaka.

Na hili wengi hawalijui: picha iliyomsukuma huyo Mfaransa kuishika kamera kwa dhati ilipigwa Afrika. Ni ya Mhungari Martin Munkácsi, ya mwaka 1930 hivi, wavulana watatu wakiyakimbilia maji, wamegeuza migongo, mawimbi yanawapasukia miguuni. Kwa miaka mingi picha hiyo imeitwa wavulana wa Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Iwe huku au kule, sisi tuna kitu gani pale Feri au Kunduchi jioni watoto wanapojitupa baharini? Tuna kitu hicho hicho kabisa, kila siku ya Mungu. Tunachokosa ni mtu aliyepo pale na kamera mkononi.

Mwingine: Vivian Maier, mwanamke wa Marekani. Kazi yake ilikuwa uyaya, kulea watoto wa watu huko Chicago kwa miongo kadhaa. Akiwatoa watoto matembezini, shingoni ana Rolleiflex, kamera ya kama kasanduku ambayo unainamisha kichwa kuitazama toka juu. Lenzi yake ya kupigia ni moja na haibadilishwi, na filamu moja inatoa picha 12 tu. Mwaka 2007 vitu vyake vilipouzwa kwenye mnada ndipo watu wakaanza kugundua alichokuwa akikifanya, na alifariki 2009 dunia ikiwa bado haijamjua. Aliacha picha zaidi ya laki moja. Yaya huyu, wadau! Hakuwa na studio, mdhamini, wala lenzi nyeupe. Alikuwa na kamera moja aliyokuwa nayo kila siku, na hiyo "kila siku" ndiyo siri yote.

Na Daido Moriyama wa Japani, mzee wa mitaa ya Tokyo, amefanya kazi miaka na miaka kwa Ricoh GR, kamera za kutia mfukoni. Mtu maarufu kiasi kile angeweza kubeba chochote anachotaka. Anabeba kitu kinachoingia kwenye mfuko wa suruali.

Nasikia mtu kule nyuma anasema: "Haa, kumbe dawa ni Ricoh! Au ile Fujifilm ya X100! Ngoja nijichange." Tulia hapo hapo ndugu yangu, maana wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri.

Kuna ugonjwa mpya umeingia siku hizi na ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu umevaa kanzu ya unyenyekevu. Ni ugonjwa wa kununua uchache. Mtu anauza malenzi yake matatu halafu anatafuta kamera ndogo ya bei mbaya ili aonekane mtu wa vitu vichache. Fujifilm X100VI ilipotoka mwaka 2024 ilitangazwa kwa dola 1,599. Kwa hela yetu ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi milioni 4, kabla ya ushuru na nauli, na kwa jinsi watu walivyoigombania mitandaoni ukiipata dukani kwa bei hiyo ushukuru. Sasa chukua hela ya chakula na malazi ya mkopo, shilingi 10,000 kwa siku kama ilivyopandishwa mwaka wa masomo 2022/23. Milioni 4 ni siku 400. Siku mia nne za kula na kulala, ili uwe na kamera yenye lenzi moja isiyotoka! Lenzi moja isiyotoka hata wewe unayo, mshkaji. Chukua kamera yako, weka lenzi moja, usiitoe. Umemaliza. Bei: bure.

Uchache hauuzwi dukani. Uchache ni kupunguza. Ukiona mtu anakuuzia uchache kwa milioni nne, jua umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe dogo.

Sasa wale watakaosema mimi naponda tu bila kujenga, haya, tujenge. Kwa mwanafunzi wa hapa Bongo vifaa vya mtaani ni hivi.

Kamera: uliyonayo. Kama huna, tafuta ya mtumba ya daraja la chini, zile ndogo za Canon au Nikon ambazo wapiga picha wa harusi wanazidharau. Kwa mfano Canon 250D ya mwaka 2019 ina gramu 449 pamoja na betri na kadi. Ukipata nzee kuliko hiyo, poa tu. Picha ya mtaani haiulizi kamera yako ina megapikseli ngapi. Hakikisha shata inafanya kazi, betri haiishi baada ya nusu saa, na ndani ya lenzi hakuna ukungu, maana unyevunyevu wa pwani yetu unaotesha ukungu kwenye vioo kama mkate uliosahaulika kabatini.

Lenzi: moja, isiyovuta, fupi. Kwenye hizo Canon ndogo ipo ya milimita 24 yenye f/2.8, bapa kama kashata, gramu 125. Inaona kama lenzi ya 38 inavyoona kwenye kamera ya filamu, karibu sana na jicho la mtu aliyesimama hatua chache toka kwa mwenzake. Wa Nikon wana ya milimita 35 f/1.8, gramu 200, inayoona kama 50. Yoyote kati ya hizo. Zote mbili hapana! Ukiwa nazo mbili utatumia asubuhi nzima kujiuliza uweke ipi, na wakati unabadilisha, yule mzee wa kahawa ameshapita na birika lake. Canon 250D na lenzi yake ya 24 ni gramu 574. Ongeza betri moja ya akiba, bado hujafika robo tatu ya kilo. Linganisha na kile kilo tatu cha pale juu.

Vingine: kadi moja kubwa, kitambaa laini, na mkanda mwembamba usio na maandishi. Wakati wa masika beba kofia ya nailoni ya kuogea, zile za gesti, uivalishe kamera mvua ikikushtukiza. Basi. Fleshi iache. Stendi ya miguu mitatu iache, labda unataka kuhojiwa na kila mgambo wa jiji. Hata begi la kamera liache. Tia kamera kwenye mkoba wako wa daftari, au bora zaidi ivae.

Mipangilio nayo iwe michache. Jua la Dar ni zawadi, tulitumie. Weka tundu f/8, kasi ya shata 1/500, ISO iachie kamera yenyewe. Zima fokasi ya kujiendesha na uipange kwa mkono kwenye mita 3. Kwa ile lenzi ya 24 kwenye hizo kamera ndogo, ukifanya hivyo kila kitu kuanzia kama mita 1 na nusu na ushee hadi zaidi ya mita 10 kitatoka safi. Maana yake hutafuti fokasi tena. Kamera iko tayari muda wote, kazi yako ni kutazama tu na kubonyeza. Huhitaji injini ya fokasi ya mamilioni kumpiga muuza madafu aliyesimama mita tatu mbele yako.

Na hapo kwenye mita tatu ndipo kwenye jambo zito, jambo lenyewe hasa linalonifanya niandike.

Wapenzi wa lenzi ndefu hujitetea hivi: "Nikiwa mbali watu hawajui, wanakuwa wa asili." Wadau, hebu tusikilize tunachosema. Mtu si ndege wa Mikumi. Mama ntilie wa Manzese anayefuta jasho kwa kanga yake hajaja pale kuwindwa toka ng'ambo ya barabara. Tunajua wote kinachotokea akishtuka: "We kijana! Mnatupiga picha mnaenda kutuuza Ulaya!" Na kiukweli ana haki ya kusema hivyo, maana amewaona wengi. Wamekuja na malenzi marefu, wamechukua, wameondoka, yeye hakuambulia hata kuiona sura yake. Ukitoa mtutu ule mweupe unakuwa mmoja wao, hata kama kwenu ni Mbagala na umekula kwake jana.

Lenzi fupi haikupi ujanja huo. Ukitaka uso wa mtu lazima uende alipo. Na ukienda alipo, lazima uwe na adabu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Unaagiza chai na chapati, unakaa kwenye fomu, kamera iko kifuani watu wote wanaiona. Dakika kumi baadaye wewe ni mteja mwenye kamera, si kamera yenye miguu. Akisema "usinipige", humpigi, unamalizia chai yako unaaga. Akisema "piga lakini uniletee", basi uko kwenye deni: wiki ijayo unaisafisha stendi kwa hela ya soda mbili, unampelekea. Nimeona picha moja ya namna hiyo ikifungua kijiwe kizima. Hela ya lenzi ingesafisha picha ngapi? Fanyeni hesabu wenyewe.

Mtu asinielewe vibaya: udogo wa kamera usiwe wa kujificha. Anayetumia kamera ndogo kumnyemelea mtu aliyelala kituoni au mgonjwa aliyebebwa ni yule yule mwenye lenzi ndefu, kapungua uzito tu. Watoto omba mzazi. Kambi za jeshi usizielekezee kamera kabisa, hilo halina mjadala. Na Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, kwa hiyo hata sura ya mtu si mali ya kuokota barabarani. Udogo ninaousema mimi ni ule wa kutomtisha mtu, ili mkae sawa kwa sawa.

Najua pingamizi mbili zitakuja, nizijibu kabisa tusisumbuane.

La kwanza: "Kwani simu si inatosha?" Kama ndiyo uliyonayo, inatosha, toka nje sasa hivi. Mwenye simu aliyeko mtaani namheshimu kuliko mwenye begi aliyeko kimbwetani. Ila simu ina mambo yake: kwenye jua la saa sita kioo hakionekani, pikipiki ikipita imeondoka nayo pamoja na hela yako na namba za ndugu zako, na katikati ya kutazama anaingia mtu kukuomba nukuu za asubuhi. Kamera haikupigii simu. Lakini sitakuwa mtu wa kukwambia subiri mpaka upate kamera, maana hiyo "subiri" ndiyo ninayoipiga vita.

La pili: "Mimi napiga harusi, bila malenzi sili." Sawa kabisa, hiyo ni kazi, na kila kazi na vifaa vyake. Fundi ujenzi hawezi kwenda na kijiko cha chai. Lakini Jumamosi ukiwa huna harusi, yaache ndani. Nayapinga yanapogeuzwa kiingilio cha mtaani, kwamba asiye nayo akae pembeni ashangilie. Wangapi pale chuoni wana jicho zuri na wamekata tamaa kwa sababu waliambiwa kamera yao ni ya kitoto?

Na haya si mambo ya mapenzi ya picha tu. Jiji hili halitusubiri. Chai maharage, zile gari za zamani zenye mabenchi ambamo abiria walikaa kama wako kibarazani, zimebaki kwenye stori za baba zetu. Mwendokasi ilianza Mei 2016, na Barabara ya Morogoro ikageuka sura. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, soko la mchoro wa Beda Amuli lililofunguliwa miaka ya sabini, ambalo kila mmoja wetu alipita chini ya paa lake. Oktoba mwaka ule ule machinga wakaondolewa kandokando ya barabara, na mitaa tuliyoizoea ikawa mitupu ndani ya siku chache. Sasa jiulize: ile Kariakoo ya asubuhi ya kawaida, ya Juni 2021, kabla ya moto, wabeba mizigo, wauza vitunguu, kelele zote zile, nani anayo? Siku ya moto picha zilijaa kila kona. Siku ya kawaida zilikuwa chache, kwa sababu ya kawaida kila mtu alidhani itakuwepo kesho, ngoja kwanza anunue lenzi.

Kesho haikuwepo. Na hao machinga na mama ntilie hawatajipiga picha wenyewe wakiwa kazini, mikono yao ina kazi. Sisi ndio tuna nafasi, tuna vipindi vitatu kwa siku na Ijumaa mchana hamna kitu. Tusipofanya, wajukuu zetu wataijua Dar ya leo kwa picha za majengo marefu na machweo ya Coco.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na ni la mwezi mmoja tu. Kila mwenye kamera achague lenzi moja, fupi kuliko zote alizonazo. Nyingine zifungie sandukuni, ufunguo mpe rumu meti. Tembea nayo kila siku, hata ukienda kununua mkate. Jumamosi zote nne nenda mahali pamoja pale pale, Feri, Tandale, Mwenge kwenye vinyago, chagua mwenyewe, mpaka watu wakujue kwa jina. Baada ya mwezi tukutane kimbwetani, kila mtu na picha kumi, zimesafishwa kwenye karatasi. Anayetaka kubishana na mimi kuhusu malenzi aje siku hiyo, lakini aje na picha. Bila picha hoja yake sitaisikiliza, hata akija na begi la kilo kumi.

Nawasilisha.